MGENI YUPI HUPEWA JEMBE?

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Walisema mgeni, basi. Hawakusema mgeni fukara apewe jembe kabla hajaketi, na mgeni tajiri akae kitandani wenyeji wakimpepea. Leo nataka tuitazame nyumba ya Mwingereza, huyu aliyekaa kwetu zaidi ya miaka arobaini akitufundisha haki na uungwana, tuone yeye humpokea mgeni vipi, na jembe humpa nani.

Siandiki haya kwa kupenda kuchungulia nyumba za watu. Alikuja kijana mmoja katika ofisi ya tawi letu, mkononi ana bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi ya wakala mmoja, ina mhuri mwekundu na picha ya bendera ya Uingereza, inasema kuna kazi ya kutunza wazee, mshahara mzuri, na kwamba nafasi hiyo ni yake akikamilisha malipo ya cheti cha udhamini. Pikipiki alikwisha iuza. Baba yake alikuwa akitafuta mnunuzi wa ng'ombe. Alikuja kwetu kutaka barua ya kumtambulisha tu, asikwame njiani. Nilimwuliza, ndugu, karatasi hii umeipata lini? Akasema mwaka huu.

Basi wanachama wote na wajue, na wawaambie wasiosoma gazeti hili: mlango wa kuchukua watunza wazee kutoka nchi za nje Serikali ya London iliufunga tarehe 22 Julai 2025. Wakala anayeuza nafasi hiyo anauza upepo. Hata ulipokuwa wazi, gharama ya leseni na ya cheti cha udhamini ni ya mwajiri, na tangu mwisho wa mwaka 2024 Waingereza wenyewe wameandika katika kanuni zao kwamba mwajiri asimtwike mfanyakazi mwenye ujuzi mzigo huo. Kijana wetu alikuwa anataka kununua kitu ambacho hakiuzwi, katika duka lililofungwa.

Lakini upepo huu haukuzuka wenyewe. Kwanza Mwingereza aliita. Zamani za ukoloni hapakuwa na shida ya kumwita Mwafrika, kodi ilimsukuma aende shambani kwa Mzungu. Februari 2022 wazee wa Uingereza walikosa wa kuwaosha na kuwalisha, ndipo kazi hiyo ikaingizwa katika orodha ya viza, na watu wakaenda kwa maelfu kutoka Nigeria, Zimbabwe, Ghana, India na kwetu Afrika Mashariki pia. Walikwenda na wake na waume na watoto. Tarehe 11 Machi 2024 ikatoka amri: mtunza wazee aombaye upya asilete mke, mume wala mtoto. Yaani mtu aende akamwoshe baba wa watu, amkate kucha, amsomee barua za wajukuu wake, na mtoto wake mwenyewe amwone katika kioo cha simu. Mwaka uliofuata ndipo mlango wenyewe ukafungwa.

Na walioingia je? Kibali cha mfanyakazi kimefungwa kwa mwajiri kama mbuzi kwa kigingi. Mwajiri akinyang'anywa leseni kwa makosa yake mwenyewe, mfanyakazi kwa kawaida hupewa siku 60 atafute mdhamini mwingine au aondoke. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 leseni zaidi ya 470 za waajiri wa kazi hizo zilifutwa, zikihusika na wafanyakazi zaidi ya 39,000. Nani aliyeadhibiwa hapo? Mwenye kampuni alifungua biashara nyingine. Aliyeuza ng'ombe ndiye aliyehesabu siku 60.

Wazee wetu waliokuwa manamba wanisikilize hapa, watanisahihisha nikikosea. SILABU iliwachukua watu Kigoma na Songea ikawapeleka mashamba ya mkonge ya Tanga. Ulikuwa unyonyaji, hatuna neno jingine. Lakini SILABU ilimpakia manamba katika lori na gari la moshi kwa gharama yake, na ikampa posho na mahali pa kulala njiani. Manamba wa leo hujilipia nauli, hujilipia viza, na wakala humlipa juu. Maendeleo hayo!

Sasa tuseme juu ya kodi, maana ndipo kiini cha maneno yangu kilipo.

Mfanyakazi mwenye ujuzi asiye wa hospitali, tuseme mhandisi au fundi wa mitambo, kabla hajapanda ndege hutozwa kitu kiitwacho ada ya afya. Ilipoanza mwezi Aprili 2015 ilikuwa pauni 200 kwa mwaka. Januari 2019 ikawa 400. Oktoba 2020 ikawa 624. Tangu tarehe 6 Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto. Wala hailipwi mwaka kwa mwaka. Hulipwa yote kwa mkupuo kwa muda wote wa viza. Mume, mke na watoto wawili kwa miaka mitano ni pauni 18,110. Penye jiko letu kuna watu hawajaziona pauni 18,110 katika ukoo mzima tangu Adamu. (Wauguzi na watunza wazee wamesamehewa ada hii, tena baada ya makelele makubwa mwaka 2020, walipokuwa wakifa kwa Korona katika hospitali hizo hizo.)

Akifika huko, mhandisi wetu hukatwa kodi ya mapato na mchango wa Bima ya Taifa sawasawa na mwenyeji, na hospitali huendeshwa kwa fedha hizo. Basi amelipia hospitali mara mbili, mara moja kwa kuwa ni mgeni, mara ya pili kwa kuwa si mgeni tena. Na katika kibali chake imeandikwa kwamba hana haki ya fedha za umma. Akifukuzwa kazi, akipungukiwa kodi ya nyumba, akipata mtoto, ile misaada ambayo mwenyeji huipata kutoka katika sanduku lile lile analolijaza yeye, yeye haimhusu.

Chukueni mtunza wazee aliyekwisha kuwamo nchini, mwenye mshahara wa pauni 25,000, ambao ndio uliokuwa mshahara wa chini wa viza yake tangu Aprili 2025. Pauni 12,570 za kwanza hazitozwi. Zilizobaki, 12,430, hukatwa 20 katika kila 100 kwa kodi ya mapato, na 8 katika kila 100 kwa Bima ya Taifa. Ni pauni 3,480 kwa mwaka. Sisemi ni dhuluma mtu kulipa kodi. Chama chetu hakijasema hivyo hata siku moja. Nasema ikumbukeni hesabu hiyo: 28 katika kila 100.

Tutoke jikoni sasa, twende sebuleni, tumtazame mgeni wa pili.

Mwaka 1799 William Pitt alianzisha kodi ya mapato ili apate fedha za kupigana na Ufaransa. Waingereza wengi wakubwa walikuwa na mashamba katika makoloni, ya miwa, yaliyolimwa na watumwa, watu waliotolewa Afrika hii. Ikawekwa kwamba mapato ya nje yatatozwa yale tu yanayoletwa Uingereza. Yasiyoletwa, hayahusiki. Mwaka 1914 mwanya huo ulizibwa kwa watu wengi, lakini wakaachiwa wale ambao wanakaa Uingereza na ilhali "makao yao ya asili" ni nchi nyingine. Na makao ya asili mtu huyarithi kwa baba yake kama anavyorithi jina. Hivyo tajiri aliweza kukaa London miaka kumi, akalala London, akasomesha watoto London, mabilioni yake yakiwa Geneva au visiwani, akasema: mimi hapa ni mgeni, kwetu ni kwa baba yangu. Na Serikali ikamjibu, karibu, bwana.

Kuanzia mwaka 2008 aliyekaa miaka saba alitakiwa kulipa pauni 30,000 kwa mwaka ili aendelee na ugeni wake. Baadaye aliyekaa miaka 12 akatakiwa kulipa 60,000. Mwone mtu ambaye kulipa pauni 60,000 kila mwaka kwake ni nafuu, mkadirie mwenyewe alichokuwa anakificha.

Mwezi Aprili 2022 ilijulikana kwamba Akshata Murty, mke wa Rishi Sunak aliyekuwa Waziri wa Fedha wakati huo, alikuwa na hadhi hiyo. Hakuvunja sheria yo yote, na baada ya kelele za watu alisema atalipa kodi Uingereza kwa mapato yake yote ya dunia. Simsemi yeye. Naisema sheria. Maana baba yake Sunak alizaliwa Kenya, na mama yake alizaliwa hapa Tanganyika, na wenzao wa asili moja nao, Wahindi wa Afrika Mashariki, waliipata sheria ya Mwingereza kwa upande wake mwingine. Mwaka 1968 Wahindi wa Kenya wenye pasi za Kiingereza halali walipoanza kuhamia Uingereza kwa wingi, Bunge la London lilipitisha sheria mpya kwa siku tatu tu. Ikasema: una pasi yetu, ndiyo, lakini je, wewe, au baba yako, au babu yako, alizaliwa kwetu au aliandikishwa uraia kwetu? Kama sivyo, ngoja foleni. Na foleni yenyewe ilianza kwa vibali 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa nyumba.

Haya, tazameni jambo hili kwa makini, maana mimi nilipolisoma nilifunga kitabu nikatembea uani. Swali ni moja: baba yako ni wa wapi? Kwa mwenye duka la Nairobi, baba kuwa wa nje kulimfungia mlango ingawa pasi anayo. Kwa tajiri wa London, baba kuwa wa nje kulimfungulia mlango asilipe kodi. Baba yule yule!

Mtasema hayo yamekwisha. Ni kweli, sheria ya makao ya asili katika kodi ilifutwa tangu tarehe 6 Aprili 2025, na sifa tuwape waliopiga kelele mpaka ikafutwa. Lakini angalieni kilichowekwa mahali pake. Mgeni anayehamia Uingereza, ambaye kwa miaka kumi nyuma hakuwa mkaazi wa kodi huko, amepewa miaka minne ambayo mapato yake ya nje hayatozwi hata senti moja, na sasa hata akiyaleta ndani. Na wale waliokuwa wakitumia mwanya wa zamani, mali zao walizozilimbikiza nje wamepewa miaka mitatu wazitangaze kwa kodi ya 12 katika kila 100 kwa miaka miwili ya kwanza, na 15 kwa mwaka wa tatu. Mliikumbuka ile hesabu? Pauni ya mtunza wazee, 28. Pauni ya bilionea, 12.

Mtetezi wa Mwingereza atainuka hapa aseme: wewe mwandishi mwongo, sheria ya miaka minne haikutaja tajiri, hata muuguzi wako aweza kuiomba. Asante, bwana mtetezi, nilikuwa nakungoja. Muuguzi mwenye vyumba viwili vya kupangisha Dodoma aweza kuiomba, naam. Lakini anayeiomba hupoteza ile nafuu ya pauni 12,570 za kwanza. Yaani aokoe kodi ya vyumba viwili vya Dodoma, apoteze pauni 2,514 za mshahara wake. Sheria imeandikwa kwa wote kama vile hoteli kubwa ilivyo wazi kwa wote.

Na hata siku zenyewe huhesabiwa kwa njia mbili. Kanuni za mwaka 2013 zasema mtu akiwamo nchini siku 183 katika mwaka wa kodi, ni mkaazi, alipe. Na siku huhesabiwa kwa yule aliyekuwamo nchini saa sita usiku. Basi tajiri ana karani wa kumhesabia usiku wake, na ndege yake huondoka saa tano. Mfanyakazi naye anahesabu, lakini anahesabu kinyume: akitaka ukaazi wa kudumu asikae nje zaidi ya siku 180 katika miezi 12 yo yote. Mama yake akiugua huku nyumbani ugonjwa wa kulala, ahesabu. Mmoja anaogopa kuonekana ndani sana, mwingine anaogopa kuonekana nje sana, na sheria zote mbili zimetoka katika jumba moja mtoni Thames.

Ukaazi wenyewe? Kati ya mwaka 2008 na tarehe 17 Februari 2022 ulikuwapo mlango wa wawekezaji. Mwanzo ni pauni milioni 1, kisha milioni 2. Aliyeleta milioni 10 alipata ukaazi wa kudumu kwa miaka miwili, na mfanyakazi kwa miaka mitano. Waliufunga wenyewe, wakikiri kwamba hawakuwajua vema wageni wao. Lakini mwezi Novemba 2025 Serikali ile ikatoa mapendekezo mengine: watu wengi wangoje miaka 10 badala ya mitano, wa kazi za chini kama mtunza wazee wangoje 15, na mwenye mshahara wa zaidi ya pauni 125,140 angoje mitatu. Miaka 15, ndugu zangu, ni mtoto kuzaliwa mpaka kubalehe.

Si Uingereza peke yake. Italia tangu 2017 ilimwambia tajiri mhamiaji, leta euro 100,000 kwa mwaka na mapato yako yote ya nje hatutayauliza. Mwaka 2024 bei ikapanda kuwa 200,000 kwa waliohamia upya. Ureno, huyu aliyemtandika mwenzetu wa Msumbiji mpaka 1975, tangu 2012 aliuza kibali cha ukaazi kwa wanunuzi wa majumba, mpaka vijana wa Lisbon wakakosa pa kupanga. Mlango wa majumba ukafungwa 2023. Mnada ni mmoja, madalali wanashindana.

Kwetu hesabu hii si ngeni. Mjerumani alileta kodi ya nyumba mwaka 1898, na Mwingereza akaiendeleza kwa nyumba na kwa kichwa. Mwenye wake watatu alilipia nyumba tatu. Kodi ile nia yake haikuwa fedha tu. Ilikuwa kumtoa mtu shambani kwake akatafute kazi kwa Mzungu. Na kodi ya mapato, ile ambayo ingemgusa mwenye shamba kubwa na mwenye kampuni, haikuwekwa Tanganyika mpaka 1940. Zaidi ya miaka arobaini mwenye jembe alikuwa akilipa, mwenye mapato akisubiriwa. Babu yangu aliihifadhi stakabadhi yake ya kodi katika kibweta pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto, akiogopa kukamatwa hata baada ya Uhuru.

Sasa nitasema neno litakalowaudhi wakubwa wengine wa Chama, na Mhariri nampa ruhusa alikate akiogopa. Kila nchi ina haki ya kulinda mlango wake. Sisi tuliopigania mipaka yetu hatuwezi kumnyima Mwingereza wake. Hata sheria yetu ya kodi ya mwaka 2004 yamsamehe mapato ya nje mgeni ambaye hajatimiza jumla ya miaka miwili ya ukaazi hapa. Na kwetu pia mwekezaji hupigiwa ngoma uwanja wa ndege na kupewa misamaha, wakati mama wa sokoni hukimbizwa na mgambo kwa ushuru wa fungu la mchicha. Tukimnyoshea kidole Mwingereza kwa vipimo viwili, tusikifiche kipimo chetu cha pili chini ya kaunta. Atatuuliza, na itatulazimu kujibu.

Wala simkatazi mtu kwenda. Nyumba ngapi hapa zimeezekwa bati kwa fedha za dada aliyeko Leeds au Birmingham? Ninalolitaka ni kwamba mtu wetu asiende kipofu, na Serikali yetu isimwache kama yatima. Kenya ilifanya mapatano na Uingereza juu ya wafanyakazi wa afya mwaka 2021. Yawe mazuri au mabaya, yapo, na yaweza kusomwa na kulaumiwa. Mapatano yetu yaseme wazi nani analipa nauli, nani analipa viza, mwajiri akifutiwa leseni mfanyakazi atakwenda wapi, na michango aliyokatwa miaka yote itakuwaje akirudi nyumbani. Mawakala waandikishwe kwa majina, na majina yabandikwe katika kila ofisi ya wilaya, yakiwamo ya waliofutwa. Wabunge wetu na waulizwe katika mikutano ya hadhara kama wamelisema jambo hili hata mara moja.

Yule kijana barua sikumwandikia. Alikasirika, akaniita mwalimu mwenye wivu, akatoka bila kuaga. Baada ya siku nne alirudi na baba yake. Ng'ombe hawajauzwa, lakini malipo ya kwanza wakala amekwisha yapokea, na simu yake haiiti. Karatasi ile yenye mhuri mwekundu sasa ninayo mimi. Ye yote mwenye karatasi kama hiyo, mwenye mhuri kama huo, na ailete ofisi ya tawi Jumamosi kuanzia saa kumi jioni. Tunazikusanya, na Jumatatu tutakwenda nazo kwa Mkuu wa Wilaya, sisi na wazazi.